Geini Haichagui



Katika nyumba nyingi za Ibra, za Sur na za Nizwa, huku Oman, kuna kazi inayoendelea siku hizi, na wanaoifanya hawalipwi na mtu. Mjukuu anamkalisha bibi yake sebuleni, anaweka maikrofoni mezani, anamwambia, "Haya bibi, tuhadithie." Na bibi anahadithia. Huyu ataanza na mtaa wa Unguja aliozaliwa na jinsi mapinduzi ya mwaka 1964 yalivyomkuta. Yule ataanza na Bujumbura au Ujiji, kwa Kiswahili cha huko huko. Mwingine atasimulia familia ilivyorudi Oman baada ya 1970, na alivyoanza kujifunza Kiarabu cha majirani akiwa mtu mzima mwenye watoto. Saa nzima inanaswa. Usiku mjukuu anavaa hedifoni asikilize, na kinachosikika kuliko vyote ni kiyoyozi.

Mafaili ya namna hiyo huletwa kwangu niyasafishe, nami husafisha ninachoweza. Lakini leo nimekuja redioni kusema jambo moja, na nitalisema kwa urefu: sauti ya mzee huokolewa au hupotea mwanzo kabisa, kwenye kile kikuzaji kidogo ambacho waya wa maikrofoni huchomekwa, ambacho mafundi wanakiita priampu. Iwe ni kisanduku cha peke yake au imefichwa ndani ya kinasa sauti cha mkononi, ni ile ile. Kinachopotea hapo hakuna programu ya kompyuta inayokirudisha kikiwa kizima.

Tuiangalie kazi yake. Maikrofoni hutoa umeme mdogo mno. Mtu akizungumza kwa sauti ya kawaida mbele ya maikrofoni ya dainamiki, zile ngumu za jukwaani, kinachopita kwenye waya hakifiki hata sehemu moja ya elfu ya volti. Mashine ya kunasa inataka kitu kilicho karibu na volti moja. Priampu ndiyo inayojaza pengo hilo. Mafundi huhesabu kwa desibeli: kila ukiongeza desibeli 6 umeizidisha volti mara mbili, na ukifika desibeli 60 umeikuza mara 1,000. Kidude cha kuzungusha kinachoamua ukuzaji huo ndicho geini.

Wengi wanaichukulia geini kama volyumu, na hapo ndipo tatizo linapoanza. Volyumu ni ya anayesikiliza; ataipandisha, ataishusha, faili halibadiliki. Geini inaandikwa ndani ya faili. Tena geini haichagui. Ukiipandisha kwa ajili ya bibi, umempandisha bibi, kiyoyozi, friji ya jikoni, gari lililopita nje na mwangwi wa kuta, vyote kwa kipimo kimoja. Anayesema "sauti ya bibi ndogo, ongeza geini" hajamsogeza bibi karibu hata kwa kidole kimoja. Amekikuza chumba.

Dawa yake ni umbali. Pasipo kuta, maikrofoni ikisogea mara mbili mbali zaidi na mdomo, sauti ya msemaji hushuka kwa desibeli 6. Mwangwi wa chumba haushuki, maana umejaa kila pembe, na kiyoyozi nacho hakishuki. Kwa hiyo aliyeweka maikrofoni kwenye meza ya katikati, mita moja na nusu kutoka kwa mzee, anapandisha geini kufidia alichokipoteza, na kila anachokipandisha kinakuja na chumba kizima. Nyumba zetu za mikoa ya Sharqiyah na Dakhiliyah hazimsaidii. Sakafu ni vigae au marumaru, dari liko juu, ukuta ni mtupu, na sabla, lile baraza la wanaume, ni ndefu na viti vimepangwa ubavuni. Sauti hugonga ikarudi. Sogeza maikrofoni mpaka ibaki shibiri moja au moja na nusu kutoka mdomoni, ielekee kidogo pembeni ili pumzi ya "p" na "b" isiigonge moja kwa moja, kisha shusha geini. Utashangaa chumba kilivyotoweka bila kununua kitu.

Najua pingamizi lake. Mzee akiwekewa kidude karibu na uso hukakamaa, husema kama anayehutubia. Ni kweli, na adabu inatutaka tusimchomekee mtu maikrofoni puani. Basi izoesheni. Iwekeni pale kabla kahawa haijaja, iwe imesimama kwenye stendi yake wakati tende zinaliwa na habari za watoto zinaulizwa. Atakapoanza kusimulia, macho yake yatakuwa yameshaisahau. Finjani tu ziondolewe. Kugongana kwa finjani hupenya kila kitu.

Sasa kiyoyozi. Ibra mwezi wa Juni si mahali pa kumwambia mtu wa miaka 80 akae bila hewa ya baridi. Poozesha chumba barabara, funga milango, zima kwa robo saa, nasa, kisha washa tena na mpumzike. Mazungumzo yenyewe yanapenda mapumziko hayo. Nashauri hivyo kwa sababu kitufe ambacho watu wanakitegemea kwa kiyoyozi hakiwezi kazi yote. Kwenye priampu nyingi kipo kitufe chenye alama ya mstari ulioinama chini upande wa kushoto. Hicho ni kikata besi: huzuia sauti nzito zilizo chini ya kiwango fulani, mara nyingi hezi 80, ili zisiingie. Umeme wa nyumba za Oman ni wa hezi 50, kwa hiyo mvumo wa mota huanzia hapo. Kikata besi cha kawaida kilichowekwa kwenye 80 huupunguza mvumo wa hezi 50 kwa desibeli 8 au 9 tu. Na mvumo huo una ndugu yake wa hezi 100, ambaye kitufe hakimgusi. Halafu kuna ule upepo wa kiyoyozi wenyewe, "shshsh" ya juu, na huo kikata besi hakiujui kabisa.

Upepo huo ndio unaoniuma zaidi. Sikilizeni Kiswahili cha wazee wa huku. Wanasema thamani kwa "th" iliyokamilika, dhahabu, ghafla, khabari, kila herufi kwa haki yake, kama walivyolelewa Unguja au kama Kiarabu cha nyumbani kilivyowafundisha. Herufi hizo ni pumzi nyembamba. Hazina nguvu ya irabu. Zinakaa juu, dhaifu, mahali pale pale unapokaa upepo wa kiyoyozi. Kelele inapoingia, "a" na "o" husalimika na "th" na "kh" humezwa. Programu ya kusafisha nayo huona pumzi na pumzi, hushindwa kutenganisha, hufuta zote mbili. Unabaki na bibi anayesikika lakini matamshi yake yamepigwa msasa. Kwa mtu anayetaka kujua Kiswahili cha Waomani kilisikikaje, matamshi hayo ni nusu ya hazina.

Kikata besi bado nakipenda, kwa kazi yake halali. Sauti ya mwanamume akizungumza huanzia takriban hezi 85, ya mwanamke karibu na 165. Ukikiweka kwenye 80 humgusi babu wala bibi, na unaondoa mtetemo wa meza, nyayo za watoto ghorofani na lori la barabara ya Sur. Maikrofoni inayosikiliza mbele tu huongeza uzito wa sauti inapokuwa karibu na mdomo, na kikata besi hupunguza uzito huo kwa upole. Nikinasa sauti ya bibi nyembamba huweza kupanda mpaka 100 au 120. Kwa babu mwenye sauti nzito sifanyi hivyo. Ungempokonya kifua chake. Na mkienda Bidiya, kwenye mchanga wa Sharqiyah, kunasa taghrud, mashairi ya kughani ya wenye ngamia, ivisheni maikrofoni manyoya yake ya kuzuia upepo kwanza. Katika priampu nyingi kikata besi kinakuja baada ya hatua ya kwanza ya ukuzaji, kwa hiyo upepo mkali unaweza kuipasua sauti kabla haujafika kwenye kichujio.

Nimesema kupasuka. Tulitazame hilo, kwa sababu ndilo kosa la pili, na lina historia. Umeme ulikuwa umekwishaingia katika kunasa sauti tangu 1925, na mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV, zama za maikrofoni na kikuzaji zilikuwa zimeanza. Kabla ya hapo waimbaji walipiga kelele ndani ya pembe la bati na nguvu ya koo ndiyo iliyochonga nta. Baadaye ukaja utepe. Oman ilianzisha kituo chake cha muziki wa asili mwaka 1983, na ngoma za mikoani zikanaswa kwa utepe. Utepe una mchakacho wake wa chini, "ssss" isiyokoma, kwa hiyo fundi alijifunza kujaza mita: pandisha geini mpaka sindano iguse nyekundu, uifunike ile "ssss". Na utepe ulikuwa na huruma. Ukizidishiwa kidogo, uliiminya sauti pole pole.

Mashine za leo hazina huruma hiyo, lakini mkono wa fundi bado unakumbuka utepe. Kwenye dijitali, juu ya sifuri ya mita hakuna kitu. Wimbi linalozidi hukatwa kichwa, likawa bapa, na masikio husikia mkwaruzo. Maji yakimwagika hayazoleki. Na hakuna sababu ya kukimbilia nyekundu, kwa kuwa kinasa cha biti 24 kina nafasi kubwa mno chini yake. Acha maneno ya kawaida ya mzee yacheze karibu na hasi 20 kwenye mita, vilele vyake vifike hasi 12. Itaonekana ndogo. Iache ndogo. Mzee atacheka, atapiga paja, atamwita mtu aliye chumba cha pili, na kicheko hicho kitapata mahali pa kwenda.

Simu za mkononi zina ugonjwa wao wa peke yake. Nyingi hupandisha na kushusha geini zenyewe. Mzee anaponyamaza akumbuke jina, simu hudhani sauti imepotea, hupandisha geini, na kiyoyozi huvimba mpaka kujaza kimya. Akianza tena, simu hushtuka na kuibana sauti, na silabi ya kwanza hutoka imepondeka. Mara nyingi silabi hiyo ndiyo mwanzo wa jina alilokuwa akilitafuta. Kama kinasa chako kina mahali palipoandikwa kwamba geini inajiendesha, uzime uendeshaji huo kabla ya kitu kingine chochote.

Nizwa ni shule nyingine kabisa. Pale wanaume wanapojipanga safu mbili kwa ngoma ya razha, mashairi yakivushwa kutoka safu hii hadi ile, panga zikirushwa angani na kudakwa, sauti haiombi kukuzwa. Na kuna azi, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya turathi mwaka 2012: mshairi mmoja anaghani peke yake, kisha kundi zima linamjibu kwa mkupuo. Fundi mgeni husikiliza yule mmoja, huweka geini yake hapo, na kundi linapojibu faili lote linachanika. Geini ya azi huwekwa kwa ajili ya jibu la kundi. Mwombe kiongozi wao mapema kundi lijibu mara moja, weka vilele kwenye hasi 10, kisha usiguse tena mpaka mwisho. Mshairi atakuwa chini sana kwenye mita, naye atapandishwa baadaye nyumbani bila madhara, maana uwanja wa wazi hauna mwangwi wa kupandisha pamoja naye.

Kwa ngoma inayonaswa kwa karibu kuna kitufe kingine, padi. Padi ya desibeli 20 huipunguza volti mara 10 kabla haijaingia kwenye ukuzaji. Dalili ya kuihitaji ni hii: umeshusha geini hadi chini kabisa na taa nyekundu bado inawaka. Hapo geini haina la kufanya tena.

Na rahmani, ile ngoma kubwa yenye ngozi pande mbili inayobeba uzito wa razha, ina fundisho lake. Weka maikrofoni moja kila upande, piga, na mara nyingi utasikia ngoma iliyokonda, kama imetolewa tumbo. Watu hukimbilia kuongeza besi. Sababu ni kwamba mkono unapoibonyeza ngozi ya upande huu kwenda ndani, ya upande ule inasukumwa nje. Maikrofoni moja inavutwa wakati ya pili inasukumwa, na sauti nzito zinafutana. Kwenye priampu kuna kitufe cha kugeuza mwelekeo wa wimbi, duara lililokatwa na mstari. Kibonyeze upande mmoja tu. Rahmani inarudi na uzito wake wote. Kikata besi hapa, tafadhali, kizimwe. Kule chini ndiko ngoma iliko.

Kwa Sur nitakuwa mfupi, ingawa nakupenda kuliko kote. Lewa ya Sur, ngoma yenye maneno ya Kiswahili mle ndani na mzumari unaoongoza duara, ilikuja na watu na bahari, kaskazi na kusi. Mzumari ni mkali. Maikrofoni ya kondensa, ile inayolishwa volti 48 kutoka kwenye priampu, huunasa ukali huo wote na kuuongeza. Mimi huchukua dainamiki, mita mbili au tatu kutoka kwa mpigaji, juu ya kichwa chake. Kama priampu ina swichi ya ukinzani wa kuingilia, naiweka chini: dainamiki ikikutana na ukinzani mdogo hupoteza kidogo ncha za juu, na mzumari hutulia bila kuzimwa. Ikiwa priampu ni ya zile zenye transfoma, za ukoo wa kampuni ya Neve ya Uingereza wa miaka ya 1970, unaweza kupandisha geini ya kuingilia na kushusha ya kutokea, na transfoma huinenepesha sauti. Ni jambo zuri. Lakini ni ladha ya fundi, na ikishanaswa imenaswa, basi kwa ngoma ya watu wengine nashika mkono wangu. Sitaki mjukuu wa mpiga mzumari wa Sur asikie ladha yangu badala ya pumzi ya babu yake.

Kuna kijana ataniambia siku hizi zimetoka mashine za biti 32 zisizopasuka, nyingine hata geini hazina. Zinasaidia, nami nazitumia kwenye razha. Lakini maikrofoni yenyewe bado inaweza kuzidiwa, na mashine hiyo haisogezi maikrofoni karibu na bibi wala haizimi kiyoyozi.

Oman ina mamlaka ya nyaraka na hifadhi za taifa tangu 2007, na historia ya kusimuliwa ni sehemu ya kazi yake. Ni jambo la heri kubwa. Ila hakuna ofisi itakayoweza kuingia kila nyumba ya Ibra, ya Mudhayrib, ya Sur na ya Nizwa, na Kiswahili cha wazee wetu kimo majumbani. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 amekwishapita 80 leo.

Basi wenye wazee, nawaomba: Ijumaa hii, baada ya chakula cha mchana, zimeni kiyoyozi kwa robo saa, sogezeni maikrofoni, shusheni geini, bonyezeni kikata besi cha 80, na vaeni hedifoni dakika moja kabla ya swali la kwanza. Mtajeni mzee kwa jina lake kamili mwanzo wa faili, na tarehe, na mahali. Kisha muulizeni, na mwacheni aseme.